Gunia la Kunguru

Katika kijiji cha kuku kandokando ya Ziwa Victoria, dagaa waliletwa na Kunguru. Walianikwa mchangani, na mchanga ukaja nao. Ukilitikisa gunia, chini kinabaki kibaba kizima cha mchanga. Mbalamwezi ilipowaka, wavuvi wa karabai walilala nyumbani, Kunguru akapandisha bei. Giza likarudi, wavuvi wakarudi ziwani, bei ikabaki palepale.

Kwa bei hiyo dagaa wakawa haba bandani, mitetea wakapunguza kutaga. Wengine wakaanza kunyofoana manyoya, maana kuku akikosa protini huitafuta hata mgongoni mwa mwenziwe. Nyumbani kwa mwenye shamba watoto walikula ugali kwa mchicha mtupu. Hata dagaa wao wachache walikuwa wamepelekwa bandani. Mwenyekiti, Jogoo Kuchi, akaitisha kikao, kikao kikaunda kamati, kamati ikala posho ya dagaa.

Bibi Kishingo, aliyezoea kuchekwa kwa shingo yake isiyo na manyoya, hakungoja ripoti. Alichukua samadi ya ng'ombe iliyokwisha kupoa, kwa kuwa mbichi hupata joto na kuua, akaiweka kivulini migombani. Akatia nyungunyungu wekundu, akafunika kwa majani makavu, akanyunyiza maji kiasi kwamba ukiikamua samadi litoke tone moja au mawili. Chumvi na maganda ya ndimu alivikataza kabisa. Siafu akawawekea majivu pembeni.

Miezi ikapita. Siku ya kuvuna aliitandaza samadi juani. Nyungunyungu huukimbia mwanga, wakazama chini. Akakwangua tabaka la juu, akangoja, akakwangua tena, hadi likabaki fundo jekundu linalofurukuta. Nusu aliirudisha iwe mbegu. Waliobaki aliwaosha, akawatia maji ya moto, akawaanika, akawasaga, akachanganya na pumba. Vifaranga hakuwapa wabichi, kwani nyungunyungu huweza kubeba mabuu ya minyoo wanaokaba koo la kuku. Debe la nyungunyungu lilinywea sana, maana mwili ule ni maji matupu, lakini zaidi ya nusu ya unga uliobaki ilikuwa protini. Na mboji ikaenda bustanini.

“Uchafu!” Kuchi akafoka kikaoni. “Wazee wetu walikula dagaa!” Kunguru, mgeni rasmi, akatikisa kichwa kuafiki.

Kifaranga mmoja akasimama. “Shikamoo mwenyekiti. Mbona mvua ikinyesha asubuhi tunamwona mjomba Kunguru shambani anakula nyungunyungu? Nawe uko nyuma yake.”

Kikao kizima kikageuka kumtazama Kuchi. Mimi namlaumu yeye kuliko Kunguru: mchuuzi anatafuta riziki, lakini kiongozi alikijua chakula kilicho bure chini ya miguu ya watu wake, akawaacha wanunue kwa bei ya Kunguru.

Safari iliyofuata Kunguru alikuja na gunia tupu, akauliza bei ya mbegu. Kishingo akampimia kibaba bure, kwa sharti moja: dagaa wa watoto wa mwenye shamba awachekeche hadharani, mbele ya mnunuzi.