Vidole vya Nani?

Wanaojaza maganda ya risasi upya majumbani kwao huko Marekani wana ugonjwa wa milimita, na mwenye bunduki inayojipakia yenyewe ndiye mahututi. Kichwa cha risasi kikikaa juu mno, risasi haienei kwenye magazini. Kikizama mno ndani ya ganda, mgandamizo wa gesi unapanda. Na kwa vile bunduki yenyewe huichota risasi inayofuata na kuibamiza kwenye chemba, kichwa kisichoshikwa sawasawa huweza kusogea njiani. Basi mtu anakesha na venia kalipa. Hata ncha haiamini, maana ncha hazilingani. Anapima kuanzia pale ubavu wa kichwa unapoanza kujipinda.

Haya yote nimeyapata kwa binamu yangu, fundi mitambo aliyerudi Singida na kalipa kwenye mfuko wa shati kama daktari na kipimajoto. Hapa kwetu kutengeneza risasi si kazi ya sebuleni: ipo Sheria ya Udhibiti wa Silaha ya mwaka 2015, na lipo Shirika la Mzinga kule Morogoro. Kalipa ikakosa ajira, ikahamia jikoni. Chapati za shangazi zikagundulika kupishana unene kwa milimita moja na ushee. Jioni hiyo binamu alikula ugali.

Aliyempa kazi ya maana ni babu, wa upande wa Manyoni, karibu na vile vichaka vya Itigi ambavyo hata mbwa akiingia hutoka kinyumenyume. Enzi zake alikuwa na gobore. Gobore hulishwa mdomoni: baruti, kitambaa, goroli, kisha unashindilia kwa mdeki. Babu alijua kina kwa kutazama mdeki uliobaki nje ya mtutu, akiupima kwa vidole. Vinne kwa kanga. Hakuna aliyewahi kuuliza zaidi.

Mpaka mjomba alipoliazima. Mjomba alikuwa akiuza vitunguu pale Misuna, mtu wa mwili, na pete yake ya ndoa ingemtosha babu kwenye dole gumba. Akashindilia, akapima vinne, akalenga. Gobore lilipolia, kanga wote waliondoka wazima. Mjomba alikutwa chali nyuma ya kichuguu, kofia haijaonekana hadi leo.

“Baba, nilipima vinne!”

“Vinne vyako au vyangu?”

Binamu aliposikia hayo macho yalimng’aa. Akamkalisha babu kiti kimoja na mjomba kingine, akabana vidole vyao kwenye kalipa mbele ya ukoo mzima. Vinne vya mjomba vikazidi vya babu kwa milimita 23. Zote hizo, akatangaza, zilikuwa baruti.

Babu hakukubali. “Umenibana nchani. Nani anapima kidole nchani? Mdeki unalala hapa, kwenye fundo.”

Mjomba naye akataka apimwe upya, ila kabla ya kula. Binamu, aliyezoea vyuma visivyojibu, akafuta kalipa kwa shati na kuanza kutueleza kwamba vita vyote duniani vilishindwa kwa vipimo vibaya. Shangazi akamkumbusha Liti Kidanka, mama wa Kinyaturu anayesimuliwa kuwafungulia Wajerumani nyuki, hadi uwanja wa Namfua ukaja kuitwa Liti. Nyuki wake nani aliwapimia kina?

Serikali ilipotangaza msamaha kwa wanaosalimisha silaha, babu alilifunga gobore kwenye kanga ya bibi akalipeleka kituoni. Fomu ilitaka urefu wa mtutu, na futi kamba haikuwepo. Afande akakunja mikono ya shati, akapima kwa shubiri, akaandika saba na ushee. Babu akagoma kutia dole gumba mpaka iandikwe ni shubiri za nani.