Barua ya wazi kwa Mkubwa wa ANR: Makumbusho yako tayari, umebaki ufunguo

Kwa Mkubwa, Msimamizi Mkuu wa Idara ya Taifa ya Upelelezi (ANR), Kinshasa.

Wakaazi wa Butembo na Beni wanamsalimu Mkubwa kwa heshima, tena kwa sauti ya chini, kama watu wanavyozungumza wanapopita mbele ya ofisi zake. Safari hii hawaji kulalamika. Wanakuja kupongeza, kwa kuwa idara yake imewashinda marais wawili.

Machi 2001 Rais Joseph Kabila aliamuru zifungwe kasho zote zisizokuwa chini ya mamlaka ya mwendesha mashtaka. (Butembo na Beni wakati ule zilikuwa mikononi mwa waasi wa RCD-ML na jeshi la Uganda, kwa hiyo amri haikupata hata njia ya kufika.) Mwaka 2019 Rais Félix Tshisekedi naye akaagiza kasho za ANR zifungwe. Tangu hapo Ofisi ya Pamoja ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa imeendelea kuandika habari za watu walioshikwa na ANR bila kufikishwa mbele ya hakimu, na za wakaguzi waliozuiwa mlangoni. Mlango uliofungwa kwa amri mbili na bado unaingiza watu si kazi ya fundi wa kawaida.

Mkubwa anakijua vizuri kifungu cha 18 cha Katiba ya 18 Februari 2006: mtu asishikwe zaidi ya saa 48 bila kuachiliwa au kukabidhiwa kwa mamlaka husika ya mahakama, na awasiliane na familia yake mara moja. Haki hiyo ya pili inatekelezwa, ila kwa njia ya jikoni. Mama wa kijana aliyepotea huzunguka na sahani ya ugali na sombe: polisi, mahakama ya kijeshi, upelelezi wa jeshi, ANR. Kila mahali anajibiwa kwamba kijana hayumo. Pale ambapo hayumo lakini sahani inapokelewa, mama anarudi nyumbani ametulia kidogo.

Ndiyo maana wakaazi wanapendekeza nyumba hizo zenye kasho zigeuzwe makumbusho ya haki za binadamu. Gharama ni ndogo, maana karibu kila kitu kipo. Wa kuwaongoza wageni wapo, na wanaijua kila kona hata taa zikizimwa. Kibanda cha tiketi kitakuwa lile dirisha ambapo jamaa huacha matabishi ili mtu wao atoke. Tofauti ni kwamba sasa watapewa risiti. Na kwa kuheshimu Katiba, mgeni asikae ndani zaidi ya saa 48.

Mkubwa asihofu kwamba makumbusho yatamharibia kazi. Atazame Nairobi. Februari 2003 serikali mpya ya Kenya ilifungua seli za chini ya jengo la Nyayo House, ambamo watuhumiwa wa kundi la siri la Mwakenya waliteswa miaka ya 1980, wengine wakiachwa kwenye maji. Ikaahidiwa kwamba pangekuwa mahali pa kumbukumbu. Mwaka 2013 Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ikarudia ombi lilelile. Wakenya bado wanapanga foleni ya pasipoti katika jengo hilohilo, na kumbukumbu inangoja zamu yake. Kampala wao wamekwenda mbele kidogo: mgeni analipa kiingilio Mengo, anashushwa hadi kwenye vyumba ambamo watu wa Idi Amin waliwafungia raia.

Lakini mfano unaostahili kumnyima Mkubwa usingizi uko mbali, Buenos Aires. Shule ya ufundi ya jeshi la majini la Argentina, ESMA, ilikuwa kizuizi cha siri ambacho maelfu ya watu walipitishwa chini ya utawala wa kijeshi ulioanza 1976. Mwaka 1979 Tume ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika ilipokuja kukagua, wanajeshi walikuwa wamekwisha kubadilisha jengo: ngazi moja iliondolewa na lifti ikazibwa, ili maelezo ya walionusurika yaonekane ya uongo. Haikufaa. Alama zilibaki ukutani, na mashahidi wakazionyesha baadaye. Mwaka 2004 serikali ilitangaza kwamba mahali hapo patakuwa pa kumbukumbu, na Septemba 2023 UNESCO ikapaweka kwenye orodha ya urithi wa dunia. Mkubwa akisikia kwamba kuna ofisi inayopakwa chokaa haraka huko Beni, atawaelewa wakaazi wakianza kuuliza maswali.

Kuna sababu nyingine, na hii haina mzaha. Kasho la siri halifi bwana wake anapoondoka, hurithiwa. Butembo imepita mikononi mwa waasi wa AFDL, mwa Waganda, mwa RCD-ML, kisha mwa serikali. Kila aliyefika alikuta kuta tayari. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2010 inaeleza mauaji ya raia yaliyofanywa na wanajeshi katika kambi ya Kikyo, Butembo, mwaka 1998. Goma nako, enzi za waasi wa RCD-Goma, watu waliteswa katika nyumba iliyojulikana kama Chien Méchant. Waasi wa M23 wakauteka mji huo Januari 2025, na Mei mwaka huo Amnesty International ikatoa ripoti kuhusu watu walioteswa na kuuawa katika vizuizi vya kundi hilo Goma na Bukavu. Nyumba yenye vitabu, wageni na watoto wa shule ni ngumu zaidi kuirudisha kwenye kazi hiyo.

Mkubwa atajibu kwamba kuna waasi wa ADF, na ni kweli: tangu Oktoba 2014 wilaya ya Beni inazika watu wake. Lakini gereza la Kangbayi, Beni, lilivunjwa Oktoba 2020, wafungwa zaidi ya 1,300 wakatoroka. Kakwangura, Butembo, likavunjwa Agosti 2022, wakatoroka zaidi ya 800. Katikati ya matukio hayo, Novemba 2021, vijana 13 wa vuguvugu la LUCHA walikamatwa Beni kwa kuandamana dhidi ya hali ya dharura. Mahakama ya kijeshi ikawapa mwaka mmoja. Hao hawakuwa na bunduki. Usalama wa namna hii unamlinda nani hasa?

Kuhusu fedha, sheria ya 26 Desemba 2022 iliunda mfuko wa FONAREV kwa ajili ya fidia za waathirika, na tarehe 2 Agosti ni siku ya taifa ya kuwakumbuka. Mkubwa hatakosa mahali pa kutolea hotuba.

Kwa hiyo wakaazi wanaomba mambo matatu. Orodha ya nyumba zote ambamo idara imeshikilia watu Butembo na Beni ibandikwe kwenye ofisi za mameya. Mwendesha mashtaka na wakaguzi wa Umoja wa Mataifa wafunguliwe milango bila kupiga simu Kinshasa kwanza. Na kuta zisipakwe rangi mpaka waliolala humo waingie kuzitazama.