Sifa za Papasi

Tanzania haina uchoyo wa sifa kwa wanyama. Twiga kachorwa kwenye mkia wa ndege, na simba na tembo wanaletewa wageni kutoka ng'ambo ya bahari. Papasi, ambaye hajawahi kuukimbia uwanda wa kati kumfuata mtalii Serengeti, hana hata fulana yenye picha yake. Huu ni uonevu, na mahali pa kuanza kuurekebisha ni Chemba, Kondoa na Ugogo, nchi ya nyumba za tembe na sakafu za udongo, ambako yeye ni mwenyeji wa siku nyingi. Tumtazame kwa karibu basi. Kabla ya kula ni bapa, rangi ya vumbi, ngozi yake ina vinundu kama ya kiatu kikuukuu. Akishiba huvimba kama harage. Hana mbawa, hana hata macho. Ukimchokonoa hukunja miguu akageuka chembe ya udongo, na ufagio humpita bila salamu.

Adabu yake ya kwanza ni kupenda nyumbani. Kupe wa ng'ombe hung'ang'ania mwilini siku kadhaa kama mdai asiye na haya. Papasi hutoka ufani usiku, hunywa kwa nusu saa hivi au pungufu, kisha hurudi kwake kabla mwenye damu hajageuka upande wa pili. Asipopata kitu, husubiri, na anaweza kukaa na njaa miaka, si miezi. Watoto wake hawaachi mikono mitupu: Robert Koch, aliyemchunguza katika koloni la Wajerumani mwaka 1904 na 1905, alionyesha kwamba vijidudu vya homa hupita kutoka kwa mama hadi kwenye mayai, na kizazi kipya huzaliwa na urithi wake. Desemba ya 1905 Koch akapewa Tuzo ya Nobel, kwa kazi yake ya kifua kikuu. Papasi hakutajwa.

Nasikia pingamizi: mnyama huyu anaeneza homa ya papasi, inayotesa watoto wadogo na kuwafanya wajawazito waharibu mimba. Ni kweli, na mwaka huohuo wa 1905 ilimuua Joseph Dutton, daktari wa Liverpool aliyekuwa akiichunguza Kongo, hata bakteria mwenyewe akaitwa Borrelia duttonii. Lakini haki itendeke. Papasi hakubuni ugonjwa huu. Kwa muda mrefu wataalamu waliamini kwamba bakteria huyo hana maskani nyingine ila papasi na binadamu, mpaka uchunguzi wa Mvumi, kusini-mashariki mwa mji wa Dodoma, ulipokuta dalili zake kwa kuku na nguruwe pia. Kwa hiyo tunachomlaumu kwa kutupa ni kile alichokinywa kwetu au kwa mifugo tunayolala nayo. Yeye ni mtunza amana. Na anajua kubagua. Mtu mzima aliyeumwa tangu utotoni hujenga kinga kiasi, ila mgeni aliyetandikiwa mkeka pembeni mwa ukuta hana kitu. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Papasi ndiye aliyeichukua kauli hiyo neno kwa neno.

Sifa inayomzidishia heshima, hata hivyo, ni unyenyekevu: kazi anaifanya yeye, jina anapewa mbu. Homa ya papasi hupanda kwa siku kadhaa, hushuka ghafla kwa jasho jingi, mgonjwa akarudi kwenye alizeti yake, na baada ya wiki hivi inarejea, kwa kuwa bakteria amebadili vazi lake la nje na kinga ya mwili haimtambui tena. Sasa mweke mgonjwa huyo mbele ya mtu anayeamini kwamba kila homa ni malaria. Akipewa mseto, homa itashuka kwa ratiba yake yenyewe, na mseto utasifiwa. Ikirudi, itaitwa malaria sugu. Ikishindikana sana, basi taifodi au UTI. Atakayesema kwamba siku hizi tunapima kabla ya kutibu amesema vema, ila aulizwe tunapima nini. Kipimo cha haraka cha malaria hutafuta malaria tu, kikatoa jibu la hapana, na hapana si jina la ugonjwa. Tone lilelile la damu likipakwa kwenye kioo na kutazamwa kwa hadubini wakati homa iko juu laweza kumwonyesha bakteria amejisokota kati ya chembe nyekundu kama uzi uliokatwa. Dawa yake haina maajabu. Doksisaiklini humtoa, ingawa mgonjwa aangaliwe saa za mwanzo, kwani homa huweza kupanda kwa fujo bakteria wanapokufa. Papasi hakuficha chochote. Sisi ndio tulioweka hadubini kabatini.

Wapo watakaosema kwamba hana siku nyingi, kwa kuwa tembe zinaondoka na bati linaingia. Hapa lazima niwatetee wote wawili, papasi na tembe. Tembe huwa na ubaridi mchana na joto usiku, na dari lake la udongo halina kosa lolote katika kesi hii. Makazi ya papasi yako chini: nyufa za sakafu, pembe za ukuta, miguu ya kitanda. Dawa ya kunyunyizia ilijaribiwa Mvumi katika miaka ya 1990 na homa ikapungua kwa watoto wa chini ya miaka mitano, lakini ufa ukibaki, dirisha lake limebaki wazi. Sakafu ngumu isiyopasuka, ukuta uliopigwa lipu, kitanda kilichosogezwa mbali na ukuta: hayo ndiyo matusi pekee anayoyaelewa. Bati haliguswi na ugomvi huo. Unaweza kuliona likimetameta ukiwa kwenye lami ya Dodoma kwenda Babati, na chini yake matofali mabichi yasiyo na lipu na sakafu iliyopasuka kama kisigino cha kiangazi. Fundi amelipwa, nyumba imezinduliwa, na mpangaji wa kwanza ameshaingia ndani ya virago vya kitanda.