Mhadhara wa Bingwa wa Msamiati, Bonde Zima la Mbwemkuru

Bingwa wa Msamiati wa Bonde Zima la Mbwemkuru, cheo alichojitunuku mwenyewe bila kikao wala muhtasari, alipanda juu ya kreti la soda, akakohoa mara mbili, akatangaza kuwa tangu Nachingwea iwe Nachingwea na Ruangwa iwe Ruangwa, hajatokea aliyeijua kumbukumbu ya binadamu kumshinda yeye.

Mbele yake walikaa watoto waliokuwa wakijiandaa na kidato cha kwanza. Kwa bibi waliongea Kimwera, miaka saba ya msingi walisoma kwa Kiswahili, na Januari biolojia na jiografia zingewasubiri kwa Kiingereza.

"Nimegundua," alinguruma, "kwamba neno husahaulika!"

Ugunduzi ulichelewa kidogo. Mjerumani Hermann Ebbinghaus aliuchapisha mwaka 1885, baada ya kukariri mwenyewe orodha za silabi zisizo na maana na kujipima. Saa moja ilitosha kula zaidi ya nusu ya jasho lake; baada ya siku moja ilibaki kama theluthi. Bingwa alidai takwimu hizo zilimjia usingizini.

Kisha akainua boksi la viatu lenye vyumba vitano, limejaa kadi za manila: neno upande huu, maana upande wa pili. Ukipatia, kadi inasogea chumba kinachofuata, ambacho hufunguliwa kwa nadra zaidi. Ukikosea, inarudi chumba cha kwanza, cha kila siku. Maelezo yalikuwa sahihi kabisa, ila boksi aliliita "Sanduku la Bingwa", ilhali Sebastian Leitner alilieleza kitabuni mwaka 1972. Mchango halisi wa Bingwa ulikuwa ratiba: neno lirudiwe kesho, kisha siku ya mnada, kisha ufuta ukishauzwa, kisha korosho zikishalipwa.

"Na malipo yakichelewa?" aliuliza mzee mmoja.

"Neno litasubiri," alijibu Bingwa.

Saa ya pili ikapita bila yeye kumuuliza mtoto yeyote neno hata moja. Hapo ndipo sayansi ilipomwacha. Mwaka 2008, katika jarida la Science, Jeffrey Karpicke na Henry Roediger walieleza jinsi wanafunzi wa chuo nchini Marekani walivyojifunza jozi 40 za maneno, tena ya Kiswahili na Kiingereza. Baada ya wiki moja, walioendelea kuulizwa maneno waliyokwisha kuyapata walikumbuka takriban asilimia 80. Walioendelea kuyasoma tu, bila kuulizwa, walikumbuka karibu theluthi.

"Shikamoo mwalimu," msichana mmoja alinyoosha mkono. "Mbona hutuulizi?"

"Marahaba. Maswali ni mwisho wa mhadhara."

Nyuma, wenzake wawili walikuwa wamekwishalivuta boksi na kuanza kuulizana. Usanisinuru ulimshinda wa kwanza. Kadi ikarudi chumba cha kwanza. Bingwa alipowaona aliruka kutoka juu ya kreti, akawanyang'anya. Boksi lile, alifoka, lilikuwa kielelezo cha kitaalamu, si la kuchezewa na wanafunzi.