Dawa Lazima Iwashe

Tangu 2019 Gitega ndiyo mji mkuu wa kisiasa wa Burundi, na naona ngozi yangu nayo imeamua isibaki nyuma. Kila Juni mvua zikikatika, vumbi jekundu likipanda mpaka kwenye nyusi, viwiko vyangu huanza upinzani. Ni ukurutu. Wengine huuita pumu ya ngozi, na hawajakosea sana, kwani ukurutu, pumu na mafua ya mzio hupenda kutembelea familia zilezile.

Ukurutu nimeshauzoea. Nisiowazoea ni waganga wake. Sisemi wenye vyeti. Nasema dereva wa teksi ya Probox, muuza ndizi, jirani aliyekuja kuomba kaa la moto. Kila mmoja ana dawa, na dawa zote zina sharti moja: lazima ziwashe. Limau na chumvi. Majivu. Dawa ya meno. Mafuta ya taa, Mungu atunusuru. Ukiuliza kama haitakuunguza, unajibiwa kwa fahari: "Ikiunguza ujue inafanya kazi!"

Kila Julai naenda Muyinga kwa shangazi, kwa njia ya Karusi, tumebanana kwenye gari mpaka jasho la mwenzako linakuwa lako, na jasho ni adui wa kwanza wa ngozi hii. Adui wa pili ananisubiri kitandani: blanketi la sufu ambalo shangazi hulitoa kabatini kwa wageni wa heshima tu. Kulikataa ni kumvunjia adabu. Basi usiku kucha najikuna kama wapiga ngoma wa Gishora mbele ya mgeni wa taifa.

Asubuhi shangazi ananiita, sufuria ya majani ya umuravumba inatokota. "Baba, hiyo ni damu chafu. Yaoge yakiwa ya moto hivyohivyo." Nikiri kwamba maji ya moto juu ya ukurutu yana utamu wake. Kwa dakika chache unamsahau hata mwenye nyumba anayekudai kodi. Kisha ngozi inakauka, inakaza, na muwasho unarudi na riba.

Na salamu zetu nazo! Mrundi mwenye adabu anakupa mkono wa kulia, huku wa kushoto umeshika kiwiko. Mgeni wa shangazi aliangalia kiwiko changu, akaurudisha mkono wake, akanipungia kama vile niko ng'ambo ya mpaka pale Kobero. Ukurutu hauambukizi. Hata ukilala na mgonjwa wake kitanda kimoja hauambukizi. Tatizo jingine ni rangi: vitabu vingi vinasema ngozi huwa nyekundu, na vimeandikwa kwa kutazama ngozi nyeupe. Yetu hugeuka kahawia iliyokolea, zambarau au kijivujivu, na mtu akiona hivyo anadhani hukuoga.

Kinachonituliza kinaudhi kwa udogo wake. Muuguzi wa kituo cha afya alinieleza bila hata kuinua kichwa: oga haraka kwa maji ya uvuguvugu, sabuni isiwe na manukato, jikaushe kwa kugusagusa taulo bila kusugua, na ngozi ikiwa bado na unyevu paka mafuta ya mgando yasiyo na harufu. Basi. Ngozi ya mwenye ukurutu haiwezi kushika maji yake. Mafuta yanayafungia ndani. Mmarekani Robert Chesebrough aliyapatia hataza mafuta hayo mwaka 1872, kwa hiyo hata kusema ni uvumbuzi mpya siwezi. Muwasho ukizidi usiku, juu ya mafuta nafunga kitambaa cha pamba chenye unyevu, kisha kikavu juu yake. Kucha nakata fupi. Ukurutu ukichachamaa, napewa krimu ya haidrokotisoni, napaka kwa utando mwembamba, kwa siku nilizoambiwa.

Kwetu sisi tunaotawadha mara tano kwa siku, na maji ya Muyinga alfajiri yanauma mpaka mifupani, kikopo cha mafuta kinakaa kwenye mfuko wa kanzu. Paka baada ya udhu, siyo kabla, usije ukaanzisha mjadala wa mafuta na maji pale bombani.

Nilimweleza shangazi yote haya. Alisikiliza kwa subira.

"Na yanawasha?"

"Hayawashi, shangazi."

"Basi siyo dawa, baba."

Akanitolea tyubu isiyo na maandishi aliyoinunua sokoni, ile inayofuta kila kitu kwa siku chache na kukung'arisha uso juu yake. Hizo ndizo zinazonitia hofu. Nyingi hutiwa kotizoni kali bila kutajwa. Ngozi inakonda, inachorwa michirizi, na ukiacha kupaka, ukurutu unarudi ukiwa na hasira zaidi. Shangazi hanunui limau bila kupunguziwa bei, lakini tyubu aliinunua bila kupunguziwa hata faranga moja.

Ukiona usaha, magamba ya njano au homa, nenda kituo cha afya, usiende sokoni. Na tukikutana njiani, nipe mkono, shika na kiwiko ukitaka. Limau lako kamulie samaki wa ndagala.