Randa Yenye Ndimi Fupi

Muuzaji aliniapia kwamba randa hii ya umeme ilitoka kwa kikongwe mmoja wa Uingereza aliyeitumia Jumapili tu, tena baada ya ibada. Nikaamini. Nikatoa pesa ambazo sokoni Bisil zingenipa fahali mwenye nundu, nikaipakia kwenye pikapu hadi Kitengela. Fahali angalau angekula nyasi. Hii inakula saiprasi, na saiprasi ilipanda bei serikali ilipopiga marufuku ukataji miti mwaka wa 2018. Marufuku ikaja kuondolewa 2023, bei ikasahau kushuka.

Ubaya wa randa yenyewe ulikuwa kwenye ncha za ubao. Ubao ukiingia na ukitoka, inchi tatu hivi za kila upande zilichimbwa zaidi, utadhani kinyozi kapiga chafya mwanzo wa kazi na mwisho wake. Mteja akitaka rafu ya futi nne, nilimwandalia ubao wa futi nne unusu, hiyo nusu ikaenda jikoni kuchemsha chai.

Mwezi mzima nililaumu visu. Nikavinoa. Nikalaumu stima, maana hapa kwetu stima hailaumiwi bure. Mwishowe fundi mmoja mzee wa Noonkopir akapita, akachutama, akafumba jicho moja, akacheka.

“Kijana, meza zako zimelala.”

Kumbe ndani ya mashine mna roli mbili, moja kila upande wa kisu. Zote mbili zikiushika ubao, unatulia. Lakini mwanzoni na mwishoni unashikwa na roli moja tu, na hapo upande ulioning'inia nje ukishuka, ncha ya ndani inainuka kukifuata kisu, kama watoto wawili kwenye bembea ya ubao. Meza za kuingizia na kutolea ubao ndizo za kuuzuia usishuke, na zangu ni fupi kama ndimi za watoto mbele ya daktari, tena zimelegea.

Tukapitisha ndani ya mashine kipande cha melamini cha futi sita, kikatokeza pande zote mbili. Chini tukakipigia kizuizi kisivutwe na roli, kwenye ncha tukakiwekea miguu. Kisha mzee akalaza juu yake mche mnyofu wa alumini niliouomba kwa fundi wa madirisha, akaanza kuchomeka vipande vya kadi kuukuu ya simu juu ya miguu. Ncha za nje ziwe juu kidogo kuliko katikati. Si sawasawa: juu kidogo! Neno hilo alilirudia mara tatu, kama anayeniachia wosia. Tukamaliza kwa kusugua mshumaa ili mbao ziteleze.

Sasa kipimo cha unene kinadanganya kwa milimita 18, unene wa melamini yenyewe. Nimeandika ubavuni kwa rangi nyekundu: TOA 18. Mke wangu anadhani ni deni na ananidai maelezo.

Lakini ubao wa kwanza ulitoka laini mwanzo hadi mwisho. Nikaupapasa mara nne, nikamwita kila mtu wa ploti aupapase.

Asiyefurahi ni jirani yangu mfuga kuku, anayetandika banda lake kwa maranda yangu. Nilipokuwa naharibu na kurudia, alijaza magunia mawili kwa wiki. Juzi kaondoka na nusu gunia.

“Jirani, mbona maranda yamepungua? Mashine imeharibika?”

Nikamwambia imepona. Akanipa pole.