Maombi ya Marejesho ya Miaka

Kwa: Waheshimiwa wote mnaoandika maneno "awe na umri usiozidi", pamoja na ofisi zenu, matawi yenu na madirisha yenu.

YAH: KUREJESHEWA MIAKA KWA WANAFUNZI WATU WAZIMA

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Waombaji wa barua hii ni wanafunzi wenye mvi, vitambi na wajukuu wa hapa na pale. Wanawasalimu bila kutaja shikamoo, kwani kwa hesabu za fomu zenu wao ndio wazee katika mazungumzo haya, na adabu inataka ninyi ndio muanze. Hawapendi kuwasumbua. Salamu ya kawaida inatosha.

Kwanza wanausifu mstari wenu. Mwongozo unaweza kuchelewa kutoka, mtandao ukagoma siku ya mwisho ya kutuma maombi, kiambatisho cha tatu kikamwelekeza mtu kwenye kiambatisho cha nne ambacho hakipo, lakini mstari wa umri haujawahi kukosekana. Upo palepale, jirani na uraia. Mwongozo wa mikopo ya elimu ya juu umeuandika 35 kwa miaka kadhaa. Kabla ya hapo namba ilikuwa ndogo zaidi, kwa hiyo wapo walioamka siku moja wameongezewa ujana, wakazeeka tena kabla hawajamaliza kukusanya viambatisho. Matangazo ya ajira serikalini yanaandika 45, na hapo utamu unakolea: kikomo hicho hakimhusu aliyeko kazini serikalini tayari. Uzee, inaelekea, huwapata walio nje ya geti tu.

Katiba nayo, Ibara ya 39, inamtaka mgombea urais awe ametimiza miaka 40. Waombaji wamechukua kalamu wakapiga hesabu. Mtanzania wa miaka 36 amezeeka mno kukopeshwa ada, na bado ni mtoto mno kukabidhiwa Ikulu. Katikati hapo kuna miaka ambayo nchi haijui imweke wapi mtu huyu. Ndiyo miaka ambayo wengi hupata nafasi ya kurudi shule: watoto wameanza kujitegemea, biashara imesimama, na ile aibu ya kuitwa "aliyeishia la saba" imechosha.

Pengine hofu ni pesa. Mnufaika wa mkopo hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, na umri wa kustaafu kwa lazima katika utumishi wa umma ni miaka 60. Anayeanza chuo na miaka 38 akamaliza na 41 anawaachia miaka 19 ya kumkata. Kijana wa miaka 22 anawaachia mingi zaidi ya kumkata, na mingi zaidi ya kumtafuta. Mama mwenye genge, kiwanja na zamu ya kupokea kwenye kikoba hana pa kukimbilia. Mtaa mzima unajua anapoishi.

Haikuwa hivi. Usiku wa kuamkia mwaka 1970 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba mwaka unaoanza ni Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Sababu alikwisha kuitoa tangu 1964, katika mpango wa kwanza wa maendeleo wa miaka mitano: shule ya mtoto itachukua miaka mitano, kumi, hata ishirini kabla ya kuonekana katika uchumi, ilhali mtu mzima akijifunza leo, msimu huuhuu analima tofauti. Kampeni ya Mtu ni Afya ya 1973 iliwakusanya watu karibu milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio, wakitoka hapo wanakwenda kuchimba vyoo. Sheria ya 1975 ikaifanya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima kuwa chombo kinachojitegemea. Kufikia 1986, kwa takwimu za serikali, wasiojua kusoma na kuandika walikuwa wameshuka kutoka kama theluthi mbili ya watu wazima hadi chini ya asilimia 10. Hakuna aliyesimama mlango wa darasa la kisomo kukagua mwaka wa kuzaliwa.

Kituko zaidi ni Azimio la Musoma la Novemba 1974. Kijana aliyetoka kidato cha sita, bado ana vumbi la chaki kwenye kola, aliambiwa aende kwanza akafanye kazi, ndipo arudi kuomba chuo kikuu akiwa na barua za mwajiri na chama zinazothibitisha kwamba ni mtu wa maana. Kosa la wakati ule lilikuwa kutokomaa. Waombaji wanauliza kwa unyenyekevu: ni lini hasa ukomavu ulihamishwa kutoka safu ya sifa kwenda safu ya dosari? Kuna waraka? Wanaweza kupata nakala?

Sasa suala la dirishani. Mtu mzima anafika na bahasha yake ya kaki. Kijana wa upande wa pili wa kioo, aliyelelewa vizuri, anasema, "Shikamoo mama." Naye, aliyelelewa vizuri pia, anaitikia, "Marahaba mwanangu." Hapo kesi imekwisha, amekiri kwa kinywa chake. Yanayofuata ni taratibu tu: cheti cha kuzaliwa kinafunguliwa, jicho linakwenda kwenye mwaka, uso unavaa huruma ya msibani. "Mama, umri umepita. Mlete mwanao."

Mlete mwanao! Kana kwamba elimu ni shamba la urithi, asipolima mama atalima mtoto. Mwanawe ameshamsomesha. Ndiyo sababu yeye mwenyewe amechelewa.

Kwa hiyo waombaji wana ombi moja kubwa na madogo machache. Kubwa ni kuanzishwa kwa Marejesho ya Miaka. Serikali inajua habari ya kurejesha; kodi iliyozidi hurejeshwa, angalau kwa maandishi. Basi na miaka iliyochukuliwa irejeshwe. Kila wilaya iwe na Afisa Marejesho ya Miaka, mwenye meza, feni isiyozunguka na kalenda ya mwaka juzi. Mwombaji atajaza Fomu ya Miaka kwa nakala tatu, yenye muhuri wa mtendaji wa kata, kiapo cha mahakamani, na picha mbili za pasipoti zenye rangi ya bluu nyuma na masikio yote mawili yakionekana. Atalipia kwa namba ya malipo ya serikali. Hawaombi cha bure. Wamezoea.

Viwango viwe wazi na vibandikwe ukutani. Aliyefaulu darasa la saba miaka ya 1980 au 1990 lakini "hakuchaguliwa", kwa kuwa nafasi za sekondari zilikuwa za kugombaniwa na wimbi la shule za kata lilikuja baada ya mpango wa elimu ya sekondari wa 2004: arejeshewe miaka kumi. Aliyerudishwa nyumbani kufuata ada na michango kabla ya elimu bila ada kuanza Januari 2016, akakuta nyumbani hakuna: miaka minne, ukiwemo muhula alioumaliza amesimama nje ya dirisha akisikiliza hesabu. Aliyekosa kazi akisubiri cheti halisi, maana tangazo lilisema hati ya matokeo haitakubaliwa, na likasema kwa herufi kubwa: mwaka mmoja. Waliotembea kilometa nyingi kila alfajiri, saa zao zijumlishwe zigeuzwe miezi. Na atakayepanga foleni kuulizia fomu hii yenyewe alipwe muda huo papo hapo, kwa dakika mpya zisizokunjwa.

Afisa akishapiga hesabu na kugonga muhuri, mama aliyeingia na miaka 41 atatoka na 27. Atapewa Kitambulisho cha Ujana wa Muda, kitakachokoma siku ya mahafali. Waombaji wanakiri kwamba yatazuka matatizo ya kiutawala. Mdogo wake wa kuzaliwa atakuwa sasa ni dada yake mkubwa, na suala la nani amwamkie nani litahitaji mwongozo wa wizara. Mumewe atajikuta ana mke kijana bila kuoa mke wa pili, jambo ambalo baadhi ya wanaume wataliunga mkono kabla ya kusoma mpango wenyewe. Kwa wenye kitambulisho, "marahaba" ipigwe marufuku katika eneo la ofisi mpaka maombi yawe yamepokelewa. Wakiamkiwa waitikie "poa", na karani ajifanye hajaziona mvi. Magoti hayatarejeshewa kitu. Waombaji ni watu wa kuridhika.

Kuna kundi moja wameshindwa kulipangia kiwango. Chukua binti aliyeingia kidato cha kwanza mwaka 2003 akiwa na miaka 15, akapata ujauzito, akafukuzwa shule kwa nguvu ya kanuni za elimu za 2002. Juni 2017 alisikia kutoka jukwaani kwamba wa namna yake hatarudi darasani. Novemba 2021 milango ikafunguliwa. Ana miaka 33. Anajiandikisha kituo cha jioni, anafanya mtihani wa maarifa (QT) mwishoni mwa 2022, kidato cha nne mwishoni mwa 2023, anasoma miaka miwili ya kidato cha tano na sita, anafanya mtihani Mei 2026. Hajafeli hata somo moja, hajapumzika hata muhula mmoja. Anafika mlango wa chuo kikuu na miaka 38. Mnamwonyesha mstari.

Ninyi ndio mliomtoa. Mkaulinda mlango miaka kumi na minane, mkaufungua kwa hotuba na makofi, halafu mnamuuliza alikuwa wapi muda wote huo. Alikuwa nje, pale mlipomwacha! Kama mna hesabu yoyote inayomfanya yeye kuwa mdaiwa wa miaka ile, iandikeni mwisho wa mwongozo, chini ya saini, ili mtu ajue ni nani aliyeipiga.

Waombaji wanaomba radhi kwa sauti iliyopanda kidogo hapo juu. Wanarejea kwenye lugha ya kiofisi.

Wanajua pia kwamba mnampenda mwanafunzi mzee, ilimradi awe mzee wa kutosha. Kimani Maruge, Mkenya, alijiandikisha darasa la kwanza katika Shule ya Msingi Kapkenduiyo, Eldoret, Januari 2004 akiwa na miaka 84, mwaka mmoja baada ya serikali ya Kibaki kufuta karo za shule za msingi. Alivaa sare ya shule, kaptula na soksi ndefu. Alitaka kusoma Biblia kwa macho yake mwenyewe. Mwaka 2005 alipelekwa New York kuzungumzia elimu ya bure katika Umoja wa Mataifa, kitabu cha rekodi cha Guinness kikamwandika, na baada ya kifo chake mwaka 2009 filamu ikatengenezwa kuhusu maisha yake. Aliistahili heshima yote hiyo. Ila mtu wa miaka 84 ni rahisi kumshangilia: anapigwa picha, haombi mkopo, hatakutana nanyi kwenye usaili. Wa miaka 38 ndiye mwenye kuleta taabu, kwa sababu yeye ana mpango wa kuitumia hiyo elimu.

Madogo ni haya. Madarasa ya jioni yanayofanyikia shule za msingi yapate japo benchi moja lisilopimwa kwa magoti ya darasa la pili. Herufi P iliyo mwanzoni mwa namba ya mtahiniwa wa kujitegemea isisomwe usoni pake kwenye usaili ("Kumbe ulirisiti?"). Elimu bila ada imkumbuke na anayesomea QT katika chumba cha kupanga nyuma ya saluni. Na ifikapo Septemba, katika Juma la Elimu ya Watu Wazima, mgeni rasmi afike saa iliyoandikwa kwenye ratiba. Hao wanaomsubiri juani na fulana za kaulimbiu wameacha magenge yao bila mtu.

Barua hii imepitia kwa mtendaji wa mtaa, kama utaratibu unavyotaka. Aliisoma yote, jambo lisilo la kawaida, akagonga muhuri, akarudisha kifuniko cha wino taratibu, kisha akauliza kama Fomu ya Miaka imeshaanza kutolewa. Ana stashahada, na ana miaka 37.

Majibu yatumwe kwa njia yoyote mnayoona inafaa. Ikiwa mtahitaji maelezo zaidi, waombaji wanapatikana baada ya saa kumi na mbili jioni. Kabla ya hapo wako kazini, wakilipa kodi.

Wenu katika ujenzi wa taifa, zamu ya usiku,
Wanafunzi Watu Wazima

Nakala: Mgeni rasmi, popote alipo njiani.